Miwani ya uhalisia pepe inapoukataa mchezo: hitilafu itafutwe wapi?

MTU anunuaye miwani ya uhalisia pepe, au VR kama vijana wanavyoiita, hutarajia jambo moja tu: aivae, afungue mchezo, na ajikute ndani ya ulimwengu mwingine. Aghalabu mambo huwa kinyume. Miwani huwaka, kitaa chake huonekana, lakini mchezo hubaki kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba miwani haipo kabisa.

Kwa mkazi wa Nairobi hiyo ni kero ya siku moja. Hukibeba kifaa hadi kwa fundi wa katikati ya jiji na pengine kurejea nacho jioni. Kwa mkazi wa Takaba, makao makuu ya kaunti ndogo ya Mandera Magharibi, hesabu ni nyingine. Nairobi iko mbali kwa mamia ya kilomita, na kifaa kinachotumwa kwa basi huweza kukaa majuma kadhaa kabla ya kurudi, kikiandamana na bili ya fundi ambaye hakuona kasoro yoyote.

Na mara nyingi fundi huyo husema kweli. Miwani inayogoma mbele ya mchezo kwa kawaida si mbovu. Hitilafu huwa katika kiungo kati ya miwani, kompyuta na programu ya mchezo, na kiungo hicho chaweza kukaguliwa papo hapo Takaba bila hata kushika bisibisi.

Jambo hili si la anasa kama linavyoweza kudhaniwa. Katika miji mingi ya Kenya, mikubwa kwa midogo, kuna vibanda ambamo vijana hulipa ili kucheza kandanda ya PlayStation. Mwenye kibanda anayeweka akiba yake katika miwani ya mtumba, akitarajia wateja wapya wakati wa likizo, hawezi kungoja majuma matatu. Kila siku ambayo miwani imelala rafuni ni siku ya hasara.

AINA YA KIFAA KWANZA

Kabla ya kutafuta hitilafu, sharti mtu ajue ana miwani ya aina gani, kwa kuwa jina VR hubeba vitu vitatu visivyofanana.

Kuna kasha la kutia simu, lenye lenzi mbili na lisilo na umeme wowote ndani yake. Kuna miwani inayojitegemea, ambayo ina kompyuta yake ndani, mfano wake mashuhuri ukiwa Quest ya kampuni ya Meta, iliyotoka kwa mara ya kwanza Mei 2019. Na kuna miwani tegemezi, ambayo ni kioo tu cha kuvaa usoni na haiwezi lolote bila kompyuta yenye nguvu au mtambo wa PlayStation; humu mna Oculus Rift na HTC Vive za mwaka 2016 pamoja na miwani kadhaa zilizotengenezewa Windows.

Mchezo ulioundiwa aina moja hauchezwi na nyingine hivihivi. Kijana aliyelipia mchezo katika duka la Steam hawezi kuupakia ndani ya Quest na kuucheza bila kompyuta. Lazima aiunganishe miwani hiyo na kompyuta kwa kebo au kwa mtandao wa Wi-Fi. Vilevile, mchezo wa Quest hauingii katika kasha la simu hata simu iwe ghali namna gani. Watu wengi wanaodai kuwa miwani zao zimeharibika wamekwama hapa, kwenye mlango wa nyumba isiyo yao.

KASHA LA SIMU NA KIHISI KINACHOKOSEKANA

Kasha la simu ndilo la bei nafuu zaidi, na kwa hiyo ndilo ambalo msomaji wa Kaskazini Mashariki ana uwezekano mkubwa wa kulishika. Google ilitoa kielelezo chake cha karatasi ngumu, Cardboard, mwaka 2014. Novemba 2015 gazeti la New York Times lilisambaza zaidi ya milioni moja ya makasha hayo kwa wateja wake nchini Marekani ili watazame filamu kuhusu watoto waliofurushwa makwao na vita. Google iliacha kuyauza Machi 2021, ingawa makasha ya plastiki yaliyoiga umbo hilo yangali yanauzwa katika maduka ya simu.

Lalamiko la kawaida kuhusu kasha ni kwamba picha huonekana lakini haigeuki mtu anapogeuza kichwa. Sababu yake ni moja na haina tiba. Ili simu ijue kichwa kimegeukia wapi, inahitaji kihisi kiitwacho jairoskopu, kinachopima mzunguko. Simu nyingi za bei ya chini hazina kihisi hicho. Huwa na kile kinachopima mwendo na mwinamo tu, ambacho hutosha kugeuza picha simu inapolazwa ubavu lakini hakitoshi kufuata kichwa.

Njia rahisi ya kujua haihitaji kununua kasha. Fungua video ya nyuzi 360 katika programu ya YouTube, kisha uizungushe simu huku umeinua mkono. Iwapo mandhari yanazunguka pamoja na simu, jairoskopu imo. Ikiwa lazima uyaburure kwa kidole, haimo, na hakuna programu ya kupakua itakayoiumba. Wauzaji wa makasha hawaelezi jambo hili, na pengine wengine wao hawalijui.

Yupo pia mnunuzi anayeuziwa Gear VR ya Samsung kwa bei ya kutupa. Kifaa hicho cha mwaka 2015 kilikuwa kizuri kwa wakati wake, lakini kilikubali simu chache tu za Galaxy, na Samsung ilifunga huduma zake mwaka 2020. Daydream ya Google nayo ilikomeshwa mwaka 2019. Leo vifaa hivi viwili ni mapambo.

UMEME, KEBO NA TUNDU

Tukija kwa miwani tegemezi, jambo la kwanza ni kuona kama kompyuta inaitambua miwani kabla hata ya kuutaja mchezo. Programu ya SteamVR, inayotumiwa na michezo mingi ya kompyuta, ina ukarimu fulani hapa: hutoa nambari ya kosa. Nambari 108 humaanisha kuwa miwani haikuonekana kabisa, na mara nyingi lawama ni ya kebo ya USB au draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kukiendesha kifaa. Nambari 208 humaanisha kuwa miwani imeonekana lakini kioo chake hakikupatikana. Hapo kagua kebo ya picha. Nambari za 300 na kitu huonyesha kuwa programu zenyewe zimeshindwa kuzungumza, na aghalabu kuizima kompyuta na kuiwasha upya hutosha.

Kebo ya picha ina mtego wake. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro huwa na matundu ya HDMI mahali pawili: juu, kwenye bodi kuu, na chini, kwenye kadi yenyewe. Anayechomeka juu hupata picha ya Windows kwenye skrini yake ya kawaida na kuridhika, lakini miwani ikichomekwa hapo haitafanya kazi, kwa kuwa tundu hilo haliendeshwi na kadi. Katika kompyuta za kupakata tatizo hujificha zaidi. Baadhi huwa na kadi mbili, ya Intel iliyo dhaifu na ya Nvidia iliyo imara, na tundu la nje huwa limeunganishwa na ile dhaifu. Hakuna mpangilio wa kulihamisha. Ni vyema mnunuzi aulize kabla ya kulipa.

Kuhusu nguvu yenyewe, Oculus ilipozindua Rift Machi 2016 iliagiza kompyuta iwe na kadi ya Nvidia GTX 970 au zaidi, kisha mwaka uo huo ikashusha kiwango hadi GTX 960. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya na kuuzwa kwa wingi nchini Kenya, zile ziitwazo eksi-UK, hazina kadi ya namna hiyo. Zinaandika barua na kufungua mtandao vizuri sana. Miwani ya VR haziwezi.

Kisha kuna umeme. Mitambo ya sola ya Garissa yenye uwezo wa megawati 50, iliyozinduliwa Desemba 2019, hulisha gridi ya taifa. Takaba kwa muda mrefu imetegemea kituo chake chenyewe cha dizeli na sola kilicho nje ya gridi hiyo. Mtu anayeendesha biashara katika mji wa aina hiyo huwa na inveta au betri ya akiba, na hapo hutokea jambo linalowachanganya wengi. Kompyuta ya kupakata inapotumia betri hupunguza kwa makusudi nguvu ya kadi ya michoro. Mchezo uliokuwa ukienda vizuri saa mbili asubuhi huanza kukwama saa nane, picha hutetemeka, mchezaji hushikwa na kichefuchefu, na lawama huelekezwa kwa miwani. Ichomeke kompyuta kwenye umeme na ukague mpangilio wa nishati kabla ya kufikiri zaidi.

Windows pia huzima matundu ya USB inapoona hayatumiki, ili kuokoa umeme. Miwani iliyowekwa chini kwa dakika chache ikamngoja mchezaji mwingine hukuta tundu limelala na haiamki. Mpangilio huo huzimwa katika orodha ya vifaa vya kompyuta, kwenye sehemu ya usimamizi wa nishati ya kila tundu. Kwa kibanda cha michezo ambako miwani hupokezanwa siku nzima, marekebisho haya peke yake huondoa nusu ya malalamiko.

MKALIMANI ALIYEKAA KITI KISICHO CHAKE

Iwapo kompyuta inaiona miwani, kebo ni nzima na umeme upo, lakini mchezo bado unafunguka kwenye kioo cha kompyuta tu, basi tumefika mahali penyewe. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa.

Mchezo na miwani havizungumzi moja kwa moja. Katikati yao hukaa programu ya tatu ambayo kazi yake ni kuchukua maneno ya mchezo na kuyafikisha kwa miwani, kisha kurudisha mwendo wa kichwa na mikono. Ni kama mkalimani katika mji ambako mtu husikia Kisomali, Kiborana na Kiswahili katika barabara moja. Meta ina mkalimani wake, Valve inayomiliki Steam ina wake, na Microsoft ilikuwa na wake.

Hapo awali kila mkalimani alikuwa na lugha yake, na mchezo ulioandikwa kwa lugha ya mmoja haukueleweka kwa mwingine. Wakati fulani ilikuwa kwa makusudi. Mei 2016 Oculus ilitia kufuli katika programu yake ili michezo ya duka lake isichezwe kwa miwani ya HTC Vive, hatua iliyopingwa vikali na wachezaji hata ikaondolewa mwezi uliofuata. Ili kumaliza mgawanyiko huo, muungano wa viwanda uitwao Khronos ulibuni lugha moja ya pamoja, OpenXR, na toleo lake la kwanza kamili likatoka Julai 2019. Leo michezo mingi mipya huitumia.

Lakini lugha moja haikuleta mkalimani mmoja. Kompyuta yaweza kuwa na wakalimani wawili au watatu waliopakiwa kwa nyakati tofauti, na Windows humtambua mmoja tu kuwa ndiye aliye kazini. Mchezo wa OpenXR unapofunguliwa huuliza: nani yuko zamu? Akitajwa wa Meta ilhali miwani iliyochomekwa ni Vive, mchezo husubiri jibu lisilokuja, kisha hufungua picha bapa kwenye kioo au hufungika bila neno. Hakuna kilichoharibika. Aliyeketi kitini siye.

Hali hii huwapata hasa watu walionunua kompyuta ya mtumba iliyowahi kutumiwa na miwani nyingine, au waliojaribu programu kadhaa wakitafuta suluhu. Kila programu iliyopakiwa iliweza kujitwalia kiti. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa vijana, wa kupakia programu nyingine tena, mara nyingi huzidisha tatizo.

Marekebisho yake huchukua dakika mbili. Mwenye Vive au miwani nyingine ya Steam hufungua mipangilio ya SteamVR, huenda kwenye sehemu ya OpenXR, na kuiamuru SteamVR iwe ndiyo iliyo kazini. Mwenye Quest iliyounganishwa kwa kebo hufungua programu ya Meta kwenye kompyuta na kufanya vivyo hivyo katika sehemu ya mipangilio ya jumla. Humo humo atakuta kitufe kilichoandikwa ‘Unknown Sources’, yaani vyanzo visivyojulikana. Kikiwa kimezimwa, programu ya Meta huuzuia mchezo wowote uliotoka nje ya duka lake, ukiwemo kila mchezo wa Steam. Kitufe hiki kimoja kimewapotezea watu usiku mzima.

Baada ya kubadili, funga kila kitu na ufungue kwa utaratibu huu: miwani kwanza, kisha programu ya mkalimani, kisha mchezo. Mchezo ukitangulia hukuta kiti kitupu.

SAA ILIYOPOTOKA

Machi 7, 2018 miwani za Oculus Rift ziligoma kote duniani kwa wakati mmoja. Watu walidhani wamevamiwa na wadukuzi. Ukweli ulikuwa wa kuchekesha kidogo: cheti cha kidijitali kilichothibitisha kuwa programu ya Oculus ni halali kilikuwa kimefikia tarehe yake ya mwisho, na kampuni haikukumbuka kukihuisha. Windows ilikataa kuifungua programu yenye cheti kilichokwisha. Kampuni ilitoa marekebisho baadaye na kuwafidia walioathirika dola 15 kila mmoja za kununua michezo. Kabla ya hapo, baadhi ya wachezaji walikuwa wamegundua dawa yao wenyewe: waliirudisha nyuma tarehe ya kompyuta, na miwani zikafanya kazi.

Kisa hicho kinamhusu mtu wa Takaba kwa njia ya kinyume. Kompyuta kuukuu ya mezani hutunza saa yake kwa betri ndogo ya duara, CR2032, iliyo kwenye bodi kuu. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika tarehe hurudi miaka mingi nyuma. Kwa kompyuta inayodhani kuwa ni mwaka 2009, vyeti vyote vya leo ni vya siku ambazo hazijafika, na kwa hiyo si halali. Steam hukataa kuingia, programu ya Meta haifunguki, na ujumbe unaotolewa hautaji saa hata kidogo. Tazama tarehe kwenye kona ya kioo. Ikiwa imepotoka, betri mpya yaweza kupatikana hata kwa fundi wa saa.

MTENGENEZAJI ANAPOKITUPA KIFAA

Lililo zito zaidi ni pale ambapo kila kitu kiko sawa isipokuwa kwamba kampuni imeamua kuachana na kifaa. Hapa mnunuzi wa mitumba anapaswa kuwa macho kuliko mahali pengine popote.

Oktoba 2017 Microsoft ilileta mfumo wake, Windows Mixed Reality, na kampuni za Acer, Dell, HP, Lenovo na Samsung zikaunda miwani kwa ajili yake. Zilikuwa nzuri na bei yake ilikuwa afadhali. Desemba 2023 Microsoft ilitangaza kuwa inauacha mfumo huo, na toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, lililotoka Oktoba 2024, liliuondoa kabisa. Mtu aliyeiruhusu kompyuta yake kujihuisha usiku aliamka na kukuta miwani yake, hata HP Reverb G2 aliyoinunua ghali, haina programu ya kuiendesha. Miwani nzima, kompyuta nzima, mchezo mzima, na havionani.

Matokeo yake ni kwamba miwani za aina hiyo zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kuvutia mno. Bei hiyo ina sababu. Anayezinunua anahitaji kompyuta ya Windows 10, au Windows 11 ya toleo la 23H2 au la kabla yake, na azuie isijihuishe. Microsoft ilisema kuwa kwa wanaobaki 23H2 miwani hizo zitaendelea kufanya kazi na Steam hadi Novemba 2026. Kujua toleo, andika neno winver katika sehemu ya kutafutia ya Windows. Aliyehamia 24H2 kwa bahati mbaya ana siku 10 za kurejea toleo la awali kupitia mipangilio. Zikipita, lazima apakie Windows upya. Mwaka 2025 ilitolewa draiva isiyo rasmi iitwayo Oasis, inayoziwezesha miwani hizo kufanya kazi na SteamVR bila mfumo ulioondolewa, ila kwa kompyuta zenye kadi ya Nvidia pekee.

Meta nayo haikosi lawama. Quest ya kwanza iliachwa taratibu kuanzia mwaka 2023, na michezo mipya haiikubali. Wenye Quest 2 walilazimishwa kuanzia Oktoba 2020 kuingia kwa akaunti ya Facebook, sharti lililoondolewa Agosti 2022 na nafasi yake kuchukuliwa na akaunti ya Meta. Desemba 2024 sasisho la kampuni hiyo liliziua kabisa baadhi ya miwani zilizokuwa zikifanya kazi vizuri siku moja kabla.

Anayenunua Quest iliyotumika ahakikishe kuwa mwenyewe wa awali ameiondoa kwenye akaunti yake. Vinginevyo michezo itafunguka kwa jina la mtu mwingine, au haitafunguka kamwe. Inaweza kufutwa kwa kushikilia kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti wakati inawaka, kisha kuchagua urejeshaji wa hali ya kiwandani. Baada ya hapo itadai simu yenye programu ya Meta, akaunti, na intaneti.

Mwenye kibanda cha PlayStation ana hesabu yake pia. Miwani ya kwanza ya Sony, ya Oktoba 2016, iliundiwa PlayStation 4; hufanya kazi na PlayStation 5 ikiwa tu ina kamera ya zamani na kiunganishi maalum cha kamera hiyo. PS VR2, iliyotoka Februari 2023, ni ya PlayStation 5, na haichezi michezo ya miwani ya kwanza isipokuwa ile ambayo waundaji wake wameihuisha. Diski za zamani zisinunuliwe kwa matumaini.

DATA, JOTO NA JUA

Miwani inayojitegemea ikikosa intaneti siku ya kwanza haiwezi hata kuanza. Masasisho yake hupita gigabaiti moja kwa urahisi, na mchezo kama Half-Life: Alyx wa mwaka 2020, ambao huchezwa kwa kompyuta, huhitaji zaidi ya gigabaiti 40. Bando la simu likiisha katikati, faili hubaki nusu na mchezo hufunguka kisha hufungika. Steam ina amri ya kukagua uzima wa faili za mchezo, ambayo hupakua tu kipande kilichokosekana badala ya kuanza upya; ni vyema kuitumia kabla ya kuufuta mchezo na kuteketeza bando la pili. Tangu Starlink ianze kuuzwa Kenya Julai 2023, miji iliyo mbali na kebo za ardhini imepata njia nyingine, kwa mwenye uwezo wa kuilipia. Pengine nafuu zaidi ni kupakua mchezo wote ukiwa mjini penye mtandao wa kasi na kuubeba ndani ya diski, kwa kuwa Steam huruhusu michezo kunakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Kuhusu joto, watengenezaji wa Quest huelekeza itumike pasipozidi nyuzi 35. Saa za alasiri Mandera joto hilo hupitwa mara kwa mara. Miwani ikipata joto hupunguza kasi, hutoa onyo, kisha hujizima, na hapo hakuna cha kurekebisha ila kuiacha ipoe kivulini. Vumbi nalo huziba kamera zinazosoma mwendo wa mikono. Kitambaa laini kikavu hutosha, na spiriti isitumike kwenye lenzi.

Yote yaliyotangulia hurekebishika au angalau huelezeka. Jua la moja kwa moja halirekebishiki. Lenzi za miwani hukusanya miale kama kioo cha kukuzia, na miwani iliyoachwa mezani ikiwa imetazamishwa dirishani kwa dakika chache tu huungua kioo chake kwa ndani na kubaki na doa la manjano au jeusi katikati ya picha. Anayekagua miwani ya mtumba aiwashe, atafute mandhari meupe, na alitazame doa hilo kwa jicho moja moja kabla ya kutoa pesa mfukoni. Akiliona, aiache.